Injini Kubwa Yataka Injekta Zake

Mkulima, huenda injini ya trekta yako imechoka, nawe umepata nyingine iliyo kubwa zaidi. Hilo ni jambo jema, lakini usidhani kwamba ukubwa peke yake ndio utakaovuta plau. Nguvu hutoka katika mafuta yaliyopimwa sawasawa na hewa. Kipimo kikikosewa, injini uliyoinunua kwa fedha za mavuno yaweza kuharibika kabla hujamaliza kulima.

Tutazame mfano. Injini za Perkins 4.203 na 4.236 zimetumika sana katika matrekta. Tarakimu ya kwanza ni hesabu ya silinda. Zinazofuata ni ujazo wa silinda zote kwa inchi za ujazo, yaani kama lita 3.3 na lita 3.9. Injini ya pili huvuta hewa zaidi kwa karibu sehemu moja katika sita, na dizeli yake lazima iongezwe vivyo hivyo.

Kazi ya pampu ni kupima dizeli. Kazi ya injekta ni kuinyunyiza iwe kama ukungu. Ukifunga pampu na injekta za injini ndogo, injini kubwa itakaa na njaa. Injekta isiyo yake yaweza pia kurusha dizeli mahali pasipofaa, ikachoma pistoni au kuteremka na kuharibu oili.

Basi fanya hivi:

1. Nunua injini pamoja na pampu na injekta zake. Linganisha namba zilizochongwa juu yake na zile za kitabu cha injini.

2. Zipeleke kwa fundi mwenye mashine ya kupimia. Injekta zote zifunguke kwa nguvu moja, zinyunyize sawa, wala zisidondoshe.

3. Mwambie fundi shamba lako liko wapi. Kinangop, zaidi ya mita 2,400 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja katika tano. Injini isiyo na tabo hupata hewa kidogo huko, kwa hiyo dizeli yapasa kupunguzwa.

4. Wakati wa kufunga, kila injekta ipate washa moja mpya ya shaba, si mbili. Alama za gia ya pampu zikutane. Tia chujio jipya, kisha toa hewa yote katika mifereji ya dizeli.

Baadaye utazame moshi. Moshi mweusi mwingi maana yake dizeli imezidi hewa. Safisha kwanza chujio la hewa. Moshi mweupe injini ikiwa moto, au mlio wa kugonga, ni dalili kwamba pampu haikutegwa sawa au injekta ni mbovu. Zima, umwite fundi. Usifungue mwenyewe skrubu ya pampu iliyotiwa muhuri.

Tena, usiweke kamwe mkono mbele ya injekta inayonyunyiza. Dizeli hiyo hupenya ngozi. Ikikupata, nenda hospitali mara moja, hata kama kidonda ni kidogo kama tundu la sindano.

Ipime injini yako kabla ya mvua. Mvua haimngoji mkulima ambaye trekta yake imelala kwa fundi.