Depo ya chuma kwenye milima ya baridi: maji yanatoka wapi?

Ushirika mmoja wa milima ya Lubero ulituita juu ya depo yao mpya: nguzo za chuma, manjanja juu, sementi chini. Kazi safi. Lakini mifuko ya mahindi iliyo juu ya rundo ilikuwa imeota kuvu. "Manjanja inavuja," walituambia, na gudroni walikwisha kununua mara mbili. Tulipanda kuangalia: tundu haiko hata moja. Na wiki ile mvua haikunyesha.

Maji yalitoka ndani. Mchana jua linapiga manjanja, hewa ya ndani inapata joto na kubeba unyevu wa mahindi na wa sakafu. Usiku manjanja inapoa haraka kuliko vitu vingine vyote. Hewa ikiigusa inaacha maji pale, kama vile chupa iliyotoka kwenye frigo inavyotoka jasho. Tukipanda mita 1 000, joto linapungua karibu digrii 6. Kwa hiyo plani iliyofaa Uvira inaweza kuwashinda kule juu.

Tunaona pia plani zilizochorwa kwa inchi za theluji, kama Kanada. Chuma chake ni kizito sababu kinabeba theluji. Kwetu hakuna theluji ya kubeba. Upepo ndio wa kuogopa, kwa hiyo fungeni paa imara. Franka zinazobaki, mutie kwenye dari.

Dari ya tripleksi au mikeka ya mianzi, yenye nafasi ya hewa kati yake na manjanja, inazuia hewa yenye unyevu isifike kwa wingi kwenye chuma. Acheni matundu chini ya kilele, yenye waya wa kuzuia panya na ndege. Madirisha yafunguliwe jua likiwaka, yafungwe mbele ya ukungu wa jioni. Paa lilale vizuri, matone yateremke pembeni.

Jambo lingine ni misumari. Joto likipanda digrii 40, bati la mita 6 linarefuka karibu milimita 3, usiku linarudi. Msumari wa kawaida unalegea. Skrubu yenye mpira inavumilia zaidi.

Dari haikaushi mahindi mabichi: yaingie yakiwa na unyevu wa asilimia 13 au chini. Yale ya kuvu tuliwaomba wasipe hata nguruwe, sababu ya sumu. Walinung'unika, halafu wakachimba shimo.