Umepitisha Mwaka Nyumbani, na Grini Kadi Iko Mkobani

Leo nakaa na barua moja tu, kwa sababu najua aliyeiandika ana wenzake wengi wanaolala na swali hilohilo bila kumwuliza mtu.

Ni mkazi wa kudumu wa Marekani. Anaishi Minnesota, anahudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee. Mama yake alianguka bafuni huko Kisii, kumbe ni kiharusi: upande wa kulia ukalegea, maneno yakapotea. Dada yetu akakata tiketi usiku uleule, akaomba ruhusa ya wiki 6 kazini, akaja. Wiki zikawa miezi, na sasa ni mwezi wa 14. Anaandika: "Dada, mjomba ananiambia nitulie, kadi yangu inaisha 2031. Rafiki yangu wa Minneapolis anasema nimeshaipoteza, nisijisumbue. Nimsikilize nani?"

Mdogo wangu, pole kwa kuuguza. Na kwa hili usimsikilize yeyote kati yao. Wanakupenda wote, lakini wote wamekosea.

Nianze na mjomba, maana wajomba wa namna hii tunao kila nyumba. Tarehe iliyochapishwa kwenye kadi inakwambia siku ya kuomba kadi nyingine, basi. Haikupi ruhusa ya kukaa nje mpaka siku hiyo. Ukaazi wa kudumu unasimama juu ya jambo moja: makao yako yako Marekani, na huku nje umetoka kwa muda. Ukikaa nje mfululizo zaidi ya siku 180, unaporudi sheria inakuhesabu kama mtu anayeomba kuingia upya, na afisa ana haki ya kukuhoji kwa undani kuliko angemhoji aliyetoka kula Krismasi kwao. Kadi bado inakurudisha. Ukitimiza mwaka, kadi peke yake haitoshi tena kuwa hati ya kurudia.

Wengi hawalijui hili mpaka wafike kaunta ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Masanduku yameshapimwa, shangazi na watoto wamekuja kuaga, mhudumu anafungua pasipoti na kuanza kuhesabu miezi kwa kidole kwenye mihuri. Anamwita msimamizi. Msimamizi anasoma, anatikisa kichwa. Usimgombeze, kwa sababu shirika la ndege likimbeba abiria asiye na hati inayokubalika hutozwa faini, kwa hiyo litakuacha chini kuliko kubahatisha.

Sasa huyo rafiki wa Minneapolis. Kupita mwaka kunaibua swali zito, lakini hakukufuti. Ukaazi wako haufi kimyakimya kwa kalenda kugeuka. Ukibishaniwa, mwenye neno ni jaji wa uhamiaji, na serikali ndiyo yenye mzigo wa kuthibitisha kwamba uliutupa. Kinachoangaliwa ni nia yako na mwenendo wako: uliondoka kwa sababu gani, ulitegemea kurudi lini, umeacha nini kule, na umefanya nini kuonyesha kwamba kwako bado ni kule. Anayesema "nisijisumbue" anakushauri utupe kitu ambacho hakuna aliyekunyang'anya.

Kwa aliyekwisha kupitisha mwaka kwa sababu isiyo mikononi mwake, mlango upo, nao unaitwa viza ya mkazi anayerejea, SB-1. Unaombwa ubalozini kwa fomu DS-117. Unatakiwa kuonyesha kwamba ulipoondoka ulikuwa mkazi halali, kwamba uliondoka ukiwa na nia ya kurudi na hukuiacha nia hiyo, na kwamba kilichokuchelewesha kilikuwa nje ya uwezo wako. Kuuguza mzazi kunaweza kuwa sababu ya namna hiyo. Hata kufungwa kwa safari za ndege, kama Kenya ilivyofanya kuanzia mwisho wa Machi 2020 hadi Agosti 1, kuliwafanya watu wengi wakwame bila kupenda. Konsuli akikubali, bado utapitia hatua za viza ya mhamiaji, pamoja na uchunguzi wa daktari, kwa hiyo usikate tiketi ya mwezi ujao. Anza angalau miezi 3 kabla ya siku unayotaka kusafiri. Na nisikufiche: hukataliwa pia. Kinachomwokoa mtu hapo ni karatasi.

Kwa hiyo tafuta bahasha kubwa, ile ya kahawia, tuijaze pamoja. Tia barua ya hospitali ya siku mama alipolazwa na ya siku alipotoka. Kadi ya kliniki yenye tarehe zote za mazoezi ya viungo, hata zile zilizopakwa chai. Taarifa ya M-Pesa inayoonyesha ulivyolipa dawa na gari la kumpeleka. Barua ya mwajiri iliyokupa ruhusa ya wiki 6. Hiyo ni dhahabu, kwa sababu iliandikwa kabla ya yote haya na inaonyesha ulivyotegemea. Tiketi ya kurudi ambayo hukuitumia, pamoja na kila barua pepe ya kusogeza tarehe. Halafu za kule: mkataba wa nyumba au barua ya unayekaa naye, taarifa za benki, leseni, bima ya gari, na ritani za kodi.

Kwenye kodi nitakaa kidogo, maana hapa watu huumia bila kujua. Mkazi wa kudumu anawasilisha ritani kama mkazi hata mwaka aliokuwa nje. Mtu mwingine hutafuta nafuu, akajaza fomu ya asiye mkazi. Ameandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba haishi Marekani, na karatasi hiyo inaweza kuletwa mbele yake baadaye. Kama hukuwasilisha kabisa, wasilisha sasa, hata kwa kuchelewa.

Kuna mtu atakwambia anaweza kukupatia barua ya daktari yenye maneno mazito zaidi. Mkatalie. Mama yako ameugua kweli, na ukweli huo unatosha. Barua ya kughushi ikigundulika inaweza kukufungia mlango wa Marekani maisha yako yote, na hapo hata ugonjwa wa kweli hautasaidia. Vilevile wale mawakala wa mtaani wanaojaza fomu kwa ada: kwa mambo haya, mwenye ruhusa ya kukushauri kisheria ni wakili wa huko, au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria ya Marekani anayefanya kazi na shirika lisilo la faida. Wakili mzuri atazungumza nawe kwa simu ukiwa Kisii. Mlipe huyo.

Wapo wasiopenda habari ya ubalozi, wanaoamua kwenda hivyohivyo na kujieleza uwanjani. Mimi kwa hali yako, miezi 14, nisingekushauri kabla hujazungumza na wakili. Lakini awe nani, wa miezi 8 au wa miezi 14, anayepelekwa chumba cha mahojiano alishike hili: fomu I-407 ni ya kusalimisha ukaazi kwa hiari. Kwa hiari. Umesafiri zaidi ya saa 14, hujalala, mtoto analia, mtu mwenye sare anasukuma karatasi mezani na kusema ukisaini mambo yataisha haraka. Ukaazi ndio utakaoisha. Una haki ya kukataa na kuomba upelekwe mbele ya jaji. Sema kwa adabu, sema kwa sauti inayosikika, wala usikubali kusaini Kiingereza usichokielewa. Omba mkalimani wa Kiswahili, au wa lugha ya mama.

Ninyi ambao hamjaondoka bado, na mna mzee nyumbani ambaye simu ya saa 9 usiku inaweza kuja juu yake, sikieni. Kuna kibali cha kurejea, kinachoombwa kwa fomu I-131, na kinaweza kukulinda hadi miaka 2 nje. Sharti lake ni kwamba uwe ndani ya Marekani unapokiomba, na alama za vidole wazichukue ukiwa hukohuko. Ukishatua Nairobi au Dar es Salaam umechelewa. Kibali hakikuhakikishii kuingia, ila kinaondoa lile tatizo la hati, na ni ushahidi kwamba ulipanga kurudi.

Na uvumi wa "gusa urudi" uacheni. Watu wanaambiana kwamba ukiingia Marekani wiki 2 kila baada ya miezi 5 uko salama. Hauko salama kama nyumba, biashara, mume na watoto wako wote wako Kitengela na kule una sanduku kwa binamu. Afisa anatazama maisha yako yote, na safari fupi nyingi zinaweza kuonyesha jambo lilelile.

Kwa mnaongoja uraia: kutoka zaidi ya miezi 6 kunafanya ichukuliwe kwamba umeukatiza ukaazi wako mfululizo, mpaka uthibitishe vinginevyo. Kutoka mwaka au zaidi kunaukatiza, na kwa njia ya kawaida ya miaka 5 utangoja hadi miaka 4 na siku 1 tangu urudi ndipo uombe. Inauma, lakini si kupoteza kadi.

Jambo moja ambalo akina mama wengi hawaambiwi: ukijifungua ukiwa huku kwenye safari ya muda, mtoto huyo anaweza kuingia nawe bila viza ya mhamiaji, ikiwa hajatimiza miaka 2 na mnasafiri pamoja katika safari yako ya kwanza ya kurudi tangu azaliwe, nawe mwenyewe ukiruhusiwa kuingia. Ukienda kwanza peke yako "ukamtengenezee karatasi," umeipoteza nafasi hiyo.

Turudi kwa dada wa Kisii. Kuna saa nyingine inayokwenda, nayo hukuitaja. Jina lako kwenye orodha ya wahudumu wa wazee hudondoka ukikaa miezi 24 mfululizo bila kufanya kazi hiyo kwa malipo, na hapo unarudia mtihani, pengine na mafunzo. Ukiondoa miezi 14, imebaki 10, na SB-1 itakula kadhaa. Hesabu na hiyo.

Nitakuuliza pia swali ambalo dada wa kweli lazima aulize: unataka kurudi? Katika barua yako yote umeandika kurasa juu ya kadi na sentensi moja juu ya Minnesota. Kama moyo wako umeshaamua kubaki na mama, hiyo si aibu wala si kushindwa. Unaweza kusalimisha ukaazi kwa utulivu, kwa hiari yako, na baadaye kuomba viza ya matembezi ukiwa na rekodi safi. Na kama una mtoto aliye raia wa Marekani, siku akifikisha miaka 21 anaweza kukuombea upya. Ila uamue wewe, mchana, ukiwa umekula. Usiamuliwe na mjomba wala na uchovu.

Na kama unataka kurudi, ita kikao cha familia wiki hii, kabla ya fomu yoyote. Umesema mko ndugu 4 na 3 wako hapohapo Kenya. Kwa miezi 14 wamekuachia kumgeuza mama usiku kwa sababu "wewe uko likizo." Waambie hauko likizo, umesimamisha maisha yako. Mkubaliane nani atahamia, nani atatoa pesa ya msaidizi, nani atampeleka kliniki, na muandike kwenye karatasi yenye majina na tarehe. Konsuli anaweza kukuuliza kilichokuzuia kimekwisha vipi, na sasa mama yuko na nani. Ukiwa na karatasi hiyo mkononi utamjibu bila kutetemeka, na mama naye atakuwa na mtu wa kumgeuza usiku ule utakaoondoka.