Kupika kwa Karatasi za Kuponi: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Familia inayohamia Marekani haikai muda kabla ya kukutana na karatasi za kuponi, zilizokunjwa ndani ya gazeti la Jumapili au kusukumwa kwenye sanduku la barua. Pembeni mwa picha ya kopo na punguzo la senti 50 kuna pishi la chakula cha jioni. Mapishi haya yana faida, na mama au baba anayerudi kazini jioni amechoka asione aibu kuyatumia. Lakini aliyeyaandika anauza kopo. Kwa hiyo yafuatwe kwa masharti.

Jua pishi lilitoka wapi. Maarufu kuliko yote ni maharage machanga ya kuoka, yaliyobuniwa mwaka 1955 katika jiko la majaribio la kampuni ya Campbell mjini Camden, New Jersey, chini ya usimamizi wa Dorcas Reilly. Kopo moja la supu ya uyoga, nusu kikombe cha maziwa, kijiko cha chai cha sosi ya soya, pilipili manga, vikombe vinne vya maharage hayo yaliyokwisha kupikwa, na vitunguu vya kukaangwa vya kopo. Unaoka pamoja na sehemu ya vitunguu dakika 25, unanyunyiza vilivyobaki juu, unarudisha ovenini dakika 5. Pishi hilo lilikusudiwa mtu ambaye tayari ana supu na maharage kabatini. Hapo ndipo lilipopata nguvu yake. Wewe ukitoka kwenda kununua vitu sita vipya kwa sababu ya kuponi moja, umeshapoteza.

Usinunue kitu kwa kuwa kuponi ipo. Chukulia kopo la chapa inayotangazwa ni dola 2.29, ukitoa senti 50 unalipa dola 1.79. Kopo la chapa ya duka, rafu hiyohiyo, ni dola 1.29 bila kukata karatasi yoyote. Soma kibandiko cha rafu kinachoonyesha bei kwa kila aunsi. Kipo kwa ajili yako.

Anza na karatasi ya ofa ya duka, kisha utafute pishi. Kuponi za gazeti nyingi ni za makopo, maboksi na vyakula vya friza. Kitunguu, kabichi na mapaja ya kuku hushuka bei kwenye karatasi ya wiki ya duka lenyewe. Panga nyama na mboga kwanza. Kopo lije mwisho.

Usitoe kopi ya kuponi. Huo ni udanganyifu unaokatazwa na sheria, na mtoto wako anakuangalia.

Soma kopo lenyewe, usiishie kwenye picha. Supu ya kopo inayotajwa kwenye mapishi haya ni ile iliyokolezwa. Ukitumia supu ya kunywa moja kwa moja chakula kitakuwa maji. Maziwa ya kopo nayo yako ya aina mbili: yaliyopunguzwa maji bila sukari, na mazito yenye sukari nyingi. Ukikosea hapo, hakuna kiungo kitakachookoa sufuria.

Usitie chumvi wala kidonge cha supu kabla ya kuonja. Mtu mzima anashauriwa asizidishe miligramu 2,300 za sodiamu kwa siku, na kopo moja la supu iliyokolezwa linaweza kukaribia 2,000. Kama nyumbani kuna bibi mwenye presha, nunua ile yenye chumvi kidogo au umpikie mchuzi wa kawaida. Kuharakisha chakula si sababu ya kumrudisha mzee hospitali.

Familia za Kiislamu zisome orodha ya viungo mpaka mwisho, kila mara. Gelatini ya vitindamlo na peremende laini mara nyingi hutokana na nguruwe, na baadhi ya maharage ya kopo yaliyopondwa yametiwa mafuta yake. Usimwachie kazi hiyo mtoto mdogo.

Ongeza mchele, na uongeze maji pamoja nao. Pishi la kuku na wali wa kuoka lina kopo moja la supu, kikombe kimoja cha maji na robo tatu ya kikombe cha mchele kwa watu wanne. Kwa nyumba iliyozoea sinia ya wali, hicho ni kijiko kwa kila mtu. Ukizidisha mchele mara mbili, zidisha majimaji mara mbili, chukua treya kubwa zaidi, funika vizuri, na uongeze muda. Ondoa nusu ya supu uweke tui la nazi, tangawizi na bizari. Chakula kitawafaa walaji wako kuliko kile cha karatasini. Hapa nasisitiza: pishi la kuponi ni mwanzo, na mwenye jiko ndiye anayeamua.

Usiweke maharage mekundu makavu kwenye sufuria ya umeme ya kupikia polepole. Karatasi inasema kopo, wewe unaona makavu ni nafuu, na kweli ni nafuu. Lakini maharage hayo mabichi yana sumu ya asili ambayo moto mdogo hauiui. Loweka angalau saa 5, mwaga maji, chemsha kwa moto mkali kwenye maji mapya dakika 30, ndipo uyahamishe. Sharti hili halina msamaha.

Geuza vipimo kabla ya kumtumia dada yako Mombasa pishi. Nyuzi 350 za Marekani ni takriban 177 za Selsiasi. Kikombe chao ni kama mililita 240. Kikombe cha chai cha nyumbani hakikipimi.

Nunua kipimajoto cha nyama. Kuku afike nyuzi 165 za Farenhaiti, nyama ya kusaga 160. Rangi inadanganya. Kuku aliyeganda ayeyushwe kwanza ndani ya friji. Asiingie kwenye sufuria ya polepole akiwa barafu.

Usiache treya mezani mpaka usiku. Kilichobaki kiingie friji ndani ya saa mbili, kiliwe ndani ya siku tatu au nne, na kikipashwa kifike tena nyuzi 165.