Iache Ipoe: Kijitabu cha Kulinda Umio kwa Kaya za Ufipa

KWA NINI TUNAANDIKA

Mgonjwa analetwa akiwa hawezi kumeza hata uji. Ukiuliza ilianza lini, unaambiwa ni kabla ya mavuno. Ugali ulikuwa unakwama, akawa anaushushia kwa maji. Ukamshinda, akahamia kwenye uji. Uji nao ulipogoma, ndipo ndugu wakatafuta usafiri. Kufikia hapo saratani ya umio imeshaziba njia na tiba iliyobaki ni ndogo. Inauma sana, kwa sababu hatari mojawapo ya ugonjwa huu inaweza kupunguzwa pale pale jikoni.

UMIO NI NINI

Ni njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni; ngozi yake ya ndani ni laini kama ile ya ndani ya shavu, nayo huungua.

CHAI, UJI NA KILA CHA MOTO

Iache ipoe.

Baridi ya huku juu mwezi Juni na Julai tunaijua. Mtu aliyedamka kwenda shambani Laela au Matai anataka kitu cha moto, na ni haki yake. Lakini chai iliyomiminwa sasa hivi kutoka kwenye chupa isinywewe sasa hivi. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilitangaza kwamba vinywaji vyenye joto linalozidi nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani ya umio. Majani ya chai hayana kosa. Kosa ni la moto. Watafiti walipopima chai ya watu wa Kilimanjaro pale wanapoanza kuinywa, wastani ulivuka kiwango hicho.

Nyumbani hakuna kipimajoto, kwa hiyo tumia mdomo. Ukilazimika kuipuliza au kuivuta kwa sauti, bado. Iache ipoe. Mwenye haraka aongeze maziwa ya baridi, au amimine kwenye kikombe kingine. Uji wa mtoto uonje mwenyewe kabla ya kumpa. Tonge la ugali linalokufanya uachame mdomo, litoe.

KIMPUMU

Hapa tunasema bila kuficha. Kimpumu, pombe yetu ya kienyeji, huongezwa maji ya moto na kunyonywa kwa mrija. Mrija unapita midomo, ambayo ingekuonya, na kuushusha moto nyuma ya ulimi. Pombe yenyewe tayari ni hatari kwa umio. Ukiongeza sigara au ugoro, hatari inapanda zaidi. Tungependa uache. Kama hujaacha, basi iache ipoe kabla mrija haujaingia mdomoni. Mzee anayekaribisha wenzake awaambie hivyo hivyo.

KOSTIKI YA SABUNI

Kostiki ya kutengenezea sabuni usiiweke kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji. Mtoto ataidhania kinywaji, na funda moja tu linaweza kuunguza umio na kuuacha umebana maisha yake yote. Akishakunywa, usimtapishe: itamuunguza mara ya pili ikipanda. Msuuze mdomo, mkimbize hospitali, nenda na chupa yenyewe.

USINGOJE

Chakula kikikwama zaidi ya mara moja, ukikonda bila sababu, sauti ikikwaruza, ukitapika ulichomeza au ukitema damu, nenda zahanati wiki hiyo hiyo. Usikubali kukatwa kimeo. Kukikata hakuzibui umio, na kisu kile huleta damu nyingi na maambukizi. Usimtafute aliyekuroga. Majirani wasisingiziwe uadui huku ugonjwa unakua.

UKIFIKA ZAHANATI

Usiseme tu "koo linauma", maana utapewa dawa ya mafua urudi nyumbani. Sema: "Chakula kinakwama," taja ni chakula gani na tangu mwezi gani. Omba rufaa ya Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Sumbawanga. Kipimo kinachohitajika ni mpira mwembamba wenye kamera unaoshushwa kooni. Kama hakipatikani, uliza utapelekwa lini Mbeya. Saratani ikithibitishwa, matibabu ya mionzi yanapatikana katika hospitali za Ocean Road, Dar es Salaam, na Bugando, Mwanza. Nauli ni kubwa, kwa hiyo ukoo uanze kuichanga siku ile ile ya rufaa.

Na wakati mnapongoja gari, chai ya mgonjwa iacheni ipoe.