Chukudu za Masisi na Mbwa wa Walikale: Mwongozo kwa Wasafiri Wenye Watoto

Katika nchi za theluji, kama vile Alaska na kaskazini ya Kanada, jamaa walio likizoni huweza kulipa nauli wakapanda sleji, yaani gari lisilo magurudumu, wakakokotwa na kundi la mbwa juu ya theluji. Na mbwa wa namna hiyo ndio waliobeba dawa ya dondakoo hadi mji wa Nome, Alaska, mwaka 1925, pale bahari ilipoganda na ndege zikashindwa kuruka. Mzazi anayetamani kuwapa wanawe furaha ya jinsi hiyo katika Kivu ya Kaskazini, mashariki ya Kongo, hatapata theluji wala sleji. Hata hivyo, akizuru Masisi ataona chombo cha mti kinachoporomoka milimani bila injini wala mnyama wa kukivuta, na akishuka Walikale atakutana na mbwa wa kuwindia msituni wanaofanya kazi yao kwa ustadi usiopungua ule wa wenzao wa kaskazini. Mambo mawili ambayo huko yamefungwa kamba moja, hapa yametengwa, moja milimani na jingine msituni, na kati yake ipo barabara ngumu.

Kabla ya kutaja barabara yenyewe, sharti itajwe amani. Waasi wa M23 waliuteka mji wa Masisi mwanzoni mwa Januari 2025, Goma ikawaangukia mwishoni mwa mwezi uo huo, na mwezi Machi wakaingia Walikale, wakauacha mji huo mwezi Aprili. Nao wakazi wengi wa vijiji vitakavyotajwa humu wameonja ukimbizi zaidi ya mara moja. Maelezo haya, basi, ni ya siku za utulivu, wala asiyafanye mtu kuwa ruhusa ya kupeleka watoto mahali ambapo wenyeji wenyewe wanawahamisha wa kwao. Utulivu ukirejea, msafiri na aanze kwa kuuliza Goma, tena asiulize mtu mmoja: amwulize dereva aliyepita njia ile jana, na padri au mchungaji mwenye parokia huko, na ofisi ya msimamizi wa teritwari; majibu yao yakikubaliana, aende, na yakipingana, akae.

Njia ya Masisi hutoka Goma kuelekea magharibi kando ya Ziwa Kivu, ikikata mawe meusi ya lava ya mlima Nyamulagira, hata kufika Sake, mwendo wa kilomita 25 au zaidi kidogo. Hapo barabara huacha ziwa ikaanza kupanda kwa kujipindapinda, na mtoto aliyekuwa akilalamika joto ataomba sweta kabla ya kufika Mushaki. Vilima vyake vimefunikwa majani mabichi ya malisho, vimezungushiwa mikaratusi, na juu yake ng'ombe wametawanyika; ndiyo maana nchi hii ina sifa ya jibini, ile iitwayo fromaji ya Masisi, ambayo huuzwa ikiwa mviringo mzima, manjano kwa ndani. Mimi huona ni upungufu wa adabu kupita Masisi bila kuinunua. Usiku ni wa baridi, na kuanzia Septemba hadi Mei mvua hugeuza udongo kuwa utelezi. Kwa wenye watoto, Juni, Julai na Agosti ndiyo miezi ya kuchagua, ingawa vumbi lake nalo ni adhabu.

Chukudu utaziona kabla hujazitafuta. Ni chombo cha magurudumu mawili kilichochongwa kwa mti, mwili wake ubao mmoja mrefu ulioinuka mbele, na mbele hapo pana usukani kama pembe za ng'ombe. Magurudumu nayo ni ya mti, yamevishwa ukanda uliokatwa katika tairi kuukuu la gari, na katikati ya ubao hugongomewa kipande cha mpira, mara nyingine kandambili iliyokwisha kazi, ili mwendeshaji apigie goti lake la mguu mmoja huku mguu wa pili ukisukuma ardhi. Breki ni kipande kingine cha mpira juu ya gurudumu la nyuma, kinachokanyagwa kwa unyayo. Na mteremko ukiwa mkali husikika kikilia, tena harufu ya mpira uliochomeka hufika puani kabla chombo hakijakupita. Chukudu imara huchukua mamia ya kilo: makaa, viazi, kabichi, mbao, maharagwe, yote yakishuka kutoka milimani kwenda kulisha Goma, ambako katika mwaka 2009 ilisimamishwa sanamu yake yenye rangi ya dhahabu katikati ya njiapanda kuu. Ni nadra mji kumtukuza hamali wake kiasi hicho.

Sasa, mgeni hupandaje? Kwanza na atambue ya kuwa mwenye chukudu hayuko pale kwa ajili ya kuchezesha wageni. Asubuhi anashuka na mzigo, na aghalabu alasiri ndiyo anarudi akiisukuma tupu kupanda mlima. Basi msimamishe wakati wa kurudi, si wakati wa kushuka, kwani kusimamisha chombo chenye magunia manne mteremkoni ni kumtia hatarini yeye na wewe. Msalimu kwanza, "Jambo, papa," uulize habari za kazi na za nyumbani, kisha ndipo umweleze haja yako. Mkubaliane ujira kabla ya mtoto kupanda, na umlipe kwa faranga za Kongo, au kwa noti za dola zisizo na mkunjo mbaya wala tundu, kwa sababu noti iliyochanika hata kidogo hukataliwa kote. Chagua mahali ambapo njia imelala, mbali na malori. Mtoto akae mbele ya mwenyewe, mikono yake ishike usukani chini ya mikono ya mwenye chombo, miguu iinuliwe mbali na gurudumu; viatu vya kufunga ni lazima, na kofia ngumu ya pikipiki, mkiwa nayo, isiachwe garini. Mwendo wa hatua mia mbili watosha. Wazazi hutaka zaidi kuliko watoto, nami nimeona akina baba waliovaa vizuri wakiangukia mtaroni kwa kutaka kuonyesha ushujaa.

Kutoka Masisi kwenda Walikale nchi hubadilika kabisa. Milima hushuka, hewa hunenepa, malisho hukoma, na msitu hufunga pande zote mbili. Teritwari hii ndiyo kubwa kuliko zote za Kivu ya Kaskazini, zaidi ya kilomita za mraba 23,000, na mito kama Lowa na Oso huikata ikielekea bonde la Kongo. Watu wake wengi ni Wanyanga na Wakano, pamoja na Wambuti ambao msitu ni nyumba yao tangu kale. Wanyanga ndio wenye utendi wa Mwindo, uliosimuliwa na mzee Shé-Kárisi Rureke mwaka 1956 na kuchapishwa na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene mwaka 1969. Mzazi awasimulie wanawe kisa hicho njiani, maana uwindaji na mbwa si mapambo katika masimulizi ya watu hawa, ni maisha.

Mbwa wa kuwindia utakaowatafuta ni wadogo, wembamba wa kiuno, masikio wima, mkia umejikunja mgongoni, na kipaji cha uso kina makunyanzi kana kwamba wanawaza deni. Ni jamaa ya wale ambao Waingereza waliwachukua kutoka Kongo na kuwaonyesha kwao mwaka 1937, wakawaita basenji. Hawabweki kama mbwa wengine. Sauti yao ni ya kuimba na kulalama. Kwa kuwa mbwa asiyebweka hupotea haraka katika kichaka, mwindaji humfunga shingoni njuga ya mti iliyotobolewa ndani, yenye ndimi za mti, ambayo huzibwa kwa majani wakati wa kunyatia na kufunguliwa wakati wa kuwinga mnyama kuelekea nyavuni. Omba uishike mkononi: ni nyepesi, imeng'arishwa na jasho na mafuta, na sauti yake ni kavu, koko-koko, wala haifanani na kengele ya chuma. Si kila mbwa wa kijijini ni wa nasaba hii safi. Usimfedhehi mwenyeji kwa kumwuliza vyeti.

Ukifika kijijini, nenda kwanza kwa chifu au kwa mzee wa mji, ueleze ya kwamba mmekuja kutembea na mbwa, wala si kuwinda wala kununua nyama. Jambo hili lisiwe la kunong'ona. Sehemu za teritwari hii zimo ndani ya Hifadhi za Maiko na Kahuzi-Biega, wanamokaa gorila wa nyanda za chini za mashariki, na uwindaji humo ni haramu kwa sheria. Na hata nje ya hifadhi, mgeni anayelipia nyama ya porini huwasukuma wenyeji kuua kupita mahitaji yao. Lipia muda wa mwenye mbwa na matembezi ya asubuhi moja, basi. Usipige picha askari, vizuizi vya barabarani, madaraja wala machimbo ya madini. Chakula kitakuwa bugali, yaani ugali, na sombe, yaani kisamvu, iliyopikwa kwa mawese, na asiyekula sombe ya Walikale hana sababu ya kulalamika njaa.

Limebaki la siha, nalo ndilo zito. Malaria ni nyingi katika teritwari hii, kwa hiyo dawa na vyandarua visisahauliwe, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano huulizwa mpakani. Kuhusu mbwa wenyewe, mwachie mwenye mbwa amwite. Mtoto asimfuate anayekula, anayelala, wala aliye na watoto wake. Akiumwa au kukwaruzwa, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha atafutiwe sindano za kichaa cha mbwa siku ile ile, kwani ugonjwa huo ukishaonyesha dalili takriban hauna tiba. Walikale iko mbali na hospitali kubwa na barabara yake haiaminiki: wachanjeni watoto dhidi ya kichaa cha mbwa kabla ya kuondoka nyumbani.