"Alisema" na "Alidai": Mtoa Habari Anapobainika Kudanganya

Katika chumba cha habari cha Mwananchi, gazeti lililoanzishwa mwaka 2000 na lenye ofisi zake Tabata Relini, kama kwingineko, mwandishi huchagua baina ya *alisema* na *alidai*. Kitenzi cha pili hudokeza shaka, lakini hakimtaji mwongo. Hata masahihisho ya kawaida, "taarifa ile haikuwa sahihi", hayana mtenda. Aliyechafuliwa jina anaweza kulishtaki gazeti kwa Baraza la Habari Tanzania, lililoundwa mwaka 1995; mdanganyifu aliyeahidiwa kufichwa hamjui. Kwa maoni yetu, ahadi hiyo humlinda msema kweli anayehofia kudhurika. Aliyedanganya makusudi ameivunja mwenyewe, na anaweza kutajwa. Aliyekosea tu (na kuwatofautisha wawili hawa ni kazi ngumu) aendelee kufichwa.