Dondoo muhimu: Geuza jiwe, usome kijito

Maji maangavu yasikudanganye. Dawa za shambani hazionekani kwa macho, kwa hiyo wasome wadudu walio chini ya mawe. Kwenye vijito vinavyoshuka milima ya Uluguru kuingia mto Ruvu, anzia pale maji yanapokwenda kasi. Inua jiwe, lisugue taratibu juu ya beseni jeupe, usubiri tope litulie. Ukiona mdudu bapa mwenye mikia mitatu, matamvua yakipepea ubavuni mwa tumbo, hiyo ni habari njema: huyo havumilii uchafu. Ukikuta ruba na vibuu vyekundu tu, huenda oksijeni ni haba.

Mawe yaliyozama nusu kwenye tope laini mara nyingi hushitaki mashamba ya mteremkoni yasiyo na matuta, kwa hiyo panda juu ukaangalie. Kingo nazo zipimwe kwa hatua: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingoni, ingawa bustani za mboga hazijui hilo.

Usipime mara tu baada ya mafuriko, maana wadudu husombwa. Rudia mahali palepale, kiangazi na baada ya masika.